Mapango ya Bahari Unguja na Pemba: Usome Ukuta Kabla Hujaingia

Mtu akikwambia twende pangoni, muulize kwanza ni pango la aina gani. Jibu ndilo litakaloamua mwende saa ngapi, mvae nini, na kama watoto wafuatane nanyi au wabaki nyumbani.

Visiwani kwetu kuna mapango yaliyochongwa na bahari, kwenye kuta za mawe zinazopigwa na maji kila siku. Kuna mapango yaliyoliwa na maji ya mvua chini kwa chini, mbali kidogo na ufuo, ambayo dari yake iliporomoka ikaacha mlango. Halafu kuna mashimo yanayoitwa mapango ilhali yalichimbwa na watu. Mangapwani, kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya mji wa Zanzibar, hizi aina mbili za mwisho ni majirani: pango la asili lenye dimbwi la maji ndani, na mbele yake kidogo chumba cha watumwa kilichochongwa ndani ya jiwe. Wageni wengi huviona vyote kwa siku moja na kuondoka wakidhani ni kitu kimoja. Pango ni kazi ya maji. Chumba ni kazi ya mikono, mahali pa kuwaficha watu wakati biashara ile ikiendelea kwa magendo baada ya mkataba wa Juni 1873 uliolifunga soko la watumwa. Anayetembeza watu pale ana wajibu wa kulieleza hilo wazi, kwa sababu waliofungiwa mle wanastahili kukumbukwa kwa jina la kilichowapata, si kuchanganywa na maumbile ya mawe.

Hapa nazungumzia zaidi mapango ya bahari. Ndiyo mazuri kuliko yote kwa macho yangu, na ndiyo yanayoweza kumfungia mtu ndani.

Jiwe lenyewe ni matumbawe ya kale. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na sehemu kubwa ya ukanda wa mashariki na kusini ya Unguja ilikuwa miamba hai chini ya maji. Bahari iliposhuka, miamba ikabaki juu, ikafa, ikashikana kuwa jiwe. Ndiyo maweni tunayoyajua, penye udongo haba na vichaka, ambapo mhogo hupandwa kwenye vishimo vya katikati ya mawe. Ukisogea karibu na ukuta wa Mtende, au ule wa kisiwa cha Chumbe maji yakiwa yametoka, utayaona matumbawe yenyewe: matawi, vichwa vya duara, hata makombe makubwa ya mnyama aliyekufa akiwa ameketi pale pale alipoishi.

Wengi huamini kuwa pango la bahari limechimbwa na nguvu ya wimbi. Wimbi lina sehemu yake, hasa likibeba mchanga na kokoto, lakini kwenye jiwe la chokaa kama letu kazi kubwa hufanywa polepole na viumbe. Kuna konokono na jamaa zao wanaokwangua jiwe kwa meno ili wapate mwani mwembamba ulioota juu yake. Kuna kome wadogo wanaotoboa mashimo na kuishi humo maisha yao yote. Juu kidogo, rasharasha za chumvi na maji ya mvua huyeyusha chokaa na kuacha ncha kali. Wimbi likija hukuta jiwe limekwisha legezwa, likachukua vumbi lake. Katika bahari za joto, mawe ya aina hii huliwa kwa wastani wa milimita 1 hivi kwa mwaka, na huliwa zaidi kwenye usawa wa maji kupwa na kujaa. Ndiyo maana ukuta huingia ndani kwa chini, na sehemu ya juu ikabaki imetokeza kama upenu.

Sasa fanya hesabu ndogo. Bahari imefika kimo chake cha leo tangu miaka elfu chache tu iliyopita, 6,000 au 7,000 hivi. Kwa milimita 1 kwa mwaka, upenu wa kawaida hauwezi kuzidi mita chache kuingia ndani. Ukikuta pango la pwani linaloingia mita 15 au 20, jua kwamba bahari haikulichimba peke yake. Ama palikuwa na ufa mkubwa, ama maji ya mvua yalikwisha tengeneza uwazi ndani ya jiwe tangu zamani, na bahari ikaja kuufungua. Dalili zake ni maji yanayodondoka hata wakati wa kiangazi, ukiyaonja ni matamu. Hewa ya baridi inayotoka nyuma. Na mizizi ya mikuyu inayoning'inia kutoka darini. Mizizi ndiyo ya kuangalia sana. Inakwambia dari ya pale ni nyembamba kiasi kwamba mti wa juu umeweza kuipita.

Ukuta wa pango la bahari una mistari, na anayeijua hahitaji kuambiwa na mtu maji yatafika wapi. Anza chini. Penye utelezi wa kijani ni mahali panapobaki na maji muda mwingi. Juu yake huanza chaza, wameganda jiweni na midomo yao ni mikali kama wembe. Mkanda huo hufunikwa kila maji yanapojaa vizuri. Kisha unafuata weusi, jiwe lililofunikwa na kitu kama rangi iliyokauka, penye vikonokono vidogo vilivyojibanza kwenye vitundu. Hapo hufika maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na rasharasha za mawimbi. Juu ya weusi ni jiwe la kijivu, lenye ncha, kavu. Sasa inua macho uangalie dari. Kama dari ina chaza, pango hilo hujaa maji mpaka juu na hakuna pembe ya kukimbilia. Kama dari ni nyeusi, kichwa chako kitabaki na nafasi ndogo ya hewa na kila wimbi litaipunguza. Ukiona kijivu kikavu darini na mchanga mkavu nyuma kabisa, wenye majani na nyayo za kaa, hapo pana mahali pa kusimama siku za kawaida.

Kanuni hii ya chaza nawaomba wanaopeleka watu waifundishe kabla ya kitu kingine chochote. Haigharimu kitu na haihitaji simu.

Baada ya ukuta, mwezi. Mvuvi wa pwani huhesabu maji kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, na hesabu hiyo inatosha kabisa kwa safari ya pangoni. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuanzia mwezi mosi na kuanzia mwezi 15, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi 7 hadi 9, na 22 hadi 24, ni maji mafu. Hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu. Siku za bamvua, Unguja maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na kujaa kwenye saa 10 au 11 jioni. Kila siku muda husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo mtu aliyekwenda Jumamosi saa 4 asubuhi akakuta mchanga mweupe na pango kavu, akirudi na wenzake Jumamosi inayofuata saa ile ile atakuta maji yamejaa mlangoni. Kosa la kwenda kwa saa ya mara iliyopita ndilo linalowaponza watu, nao wengi si wageni, ni vijana wa mjini waliokwenda mara moja wakadhani wamepajua. Jedwali la maji la bandari litakupa dakika kamili; tarehe ya mwezi itakuambia kama jedwali ulilonalo ni la siku hiyo au umefungua ukurasa mwingine.

Tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua kubwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu ni mita 1 na ushei. Ila si kimo tu, ni mwendo. Maji hayapandi sawasawa. Chukua bamvua ya mita 3.6. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sentimita 30 tu, na mtu hujiona ana muda wote wa dunia. Saa ya pili ni 60. Saa ya tatu na ya nne ni 90 kila moja, kisha kasi inashuka, 60 na 30. Kwa maneno mengine, aliyekaa pangoni saa mbili baada ya maji kugeuka akiwa analowa vifundo tu, saa moja baadaye atakuwa na maji ya kimo cha kiuno, tena yakiwa na mawimbi juu yake.

Kwa hiyo ufike mlangoni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, uingie ukiyafuata maji yanayotoka, na uanze kutoka yanapogeuka. Usingoje uone yanakuja. Kukaa mpaka nusu saa baada ya kupwa inakubalika kama njia ya kurudi ni fupi na iliyo wazi. Kupita hapo sioni sababu. Picha zote nzuri huwa zimekwisha pigwa, na mwanga wa saa 4 asubuhi unaoingia kwa chini na kumulika dari haurudi jioni.

Mtende ni mfano mzuri wa haya yote. Iko kusini kabisa ya Unguja, upande wa Makunduchi, na ufuo wake ni kipande cha mchanga kilichobanwa kati ya kuta mbili za jiwe. Maji yakijaa mchanga hubaki kidogo sana. Yakipwa, unaweza kutembea chini ya ukuta kushoto na kulia, ukipita pango moja baada ya jingine, na hapo ndipo hatari ilipo. Hatari haiko ndani ya pango, iko kwenye pembe. Ukizunguka pembe ya mwamba unakuwa umeuacha mchanga nyuma, na juu yako kuna upenu usiopandika: jiwe limetokeza, ncha zake zinakata mikono, na hakuna mti wa kushika. Maji yakirudi hufunga pembe kwanza, kabla ya kufika pale ulipo. Umesimama pakavu, na njia ya kurudi imekwisha kufa. Kwa hiyo kipimo chako kisiwe maji yaliyo miguuni, kiwe maji yaliyo kwenye pembe uliyoipita. Mkiwa kundi, abaki mtu mmoja pale kwenye pembe anayeona pande zote mbili, na kazi yake iwe hiyo tu.

Upepo nao una neno lake. Kusi, hasa Juni hadi Agosti, hupeleka mawimbi makubwa kwenye kuta za kusini, na siku hizo hata maji yakiwa yamepwa wimbi huingia pangoni likabana hewa nyuma na kurudi na kishindo. Kaskazi, Desemba hadi Machi mwanzoni, huchafua bahari ya kaskazini: Nungwi, na kule Pemba Ras Kigomasha. Kipindi kizuri ni kile cha katikati, Septemba mwishoni mpaka Novemba, upepo ukiwa umelegea. Bamvua za Septemba na Oktoba ni kubwa, kwa hiyo maji hutoka mbali sana na mapango yaliyozoea kujificha hufunguka. Masika siipendekezi hata kidogo. Jiwe lililolowa hadi ndani ni zito, na dari nyingi huachia wakati huo.

Kabla ya kuingia, simama nje ukitazama kwa dakika 15 au 20. Mawimbi huja kwa makundi. Dakika tano za utulivu hazisemi chochote. Ukiona wimbi moja tu, hata moja, limegusa ukuta wa nyuma, safari imekwisha kwa siku hiyo.

Dari isomwe kwa rangi. Jiwe lililokaa hewani miaka mingi ni la kijivu au jeusi. Kovu jeupe au la rangi ya maziwa ni mahali palipobanduka karibuni, na ukitazama chini yake utakuta vipande vyenye kingo kali ambavyo bahari haijapata muda wa kuvilainisha. Usipite chini ya kovu. Mawe makubwa yaliyolala mbele ya mapango mengi ni dari za mapango yaliyotangulia, na yataendelea kuanguka bila kumwambia mtu. Usipige kelele za kujaribu mwangwi wala kugonga ukuta kwa jiwe, na juu ya ukuta usisimame ukingoni kupiga picha: ardhi unayoikanyaga ni upenu, chini yake hamna kitu. Wanaovunja mawe ya kujengea au ya kuchoma chokaa karibu na kingo hizi wanaharakisha jambo lile lile, na masheha, viongozi wa serikali wa maeneo hayo, wana kila haki ya kuwakataza.

Mapango ya ndani ya kisiwa, yale ya maji tamu kama ya Jambiani na Paje, yana hatari ndogo kwa mwenye kufuata ngazi na taratibu za wenyeji. Maji yake ya juu ni matamu na ya chini yana chumvi, kwa sababu maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari yanayopenya ndani ya jiwe. Wachotaji wa visima vya pwani wanalijua hilo, ndoo haizamishwi sana. Ukiogelea utaona mahali maji yanapokutana yakitetemeka machoni. Ingia bila mafuta mwilini. Maji hayo hayana mto wa kuyasafisha.

Kuumbi, karibu na Jambiani, si pa kuogelea. Ni pango ambalo wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo Profesa Felix Chami mwaka 2005, wamelichimba na kukuta dalili za watu wa zama za mawe. Kati ya mifupa iliyotoka humo kuna ya punda milia. Punda milia Unguja! Zama za barafu bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100, na Unguja ilikuwa imeungana na bara, wanyama wakija kwa miguu. Pemba haikuungana nayo wakati ule, mkondo wake ni wa mamia ya mita kwenda chini.

Mapango mengi, ya pwani na ya ndani, yana mzimu. Utakuta chetezo, ubani, kitambaa chekundu au cheupe, pengine sarafu na chupa ya marashi. Havishikwi, havipigwi picha. Pitia kwa sheha au kwa mzee anayepaangalia, umwamkie kwa shikamoo, umwambie umekuja kutembea, na ukiambiwa leo hapaingiliki, rudi. Usivae nguo za kuogelea kupita kijijini. Kanga au shati linatosha. Popo wakiwa darini zima taa kubwa, tumia tochi ndogo ukielekeza chini, na ufunge kitambaa puani, kwa sababu vumbi la kinyesi chao huingia kifuani na kuleta maradhi.

Kwa Pemba, kisiwa cha Misali ndicho cha kwenda, magharibi ya Chake Chake, kwa boti kutoka Wesha. Ni hifadhi tangu 1998. Wenyeji husimulia kuwa Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala wa kuswalia, ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe ndicho kitakuwa msala wake. Mapango yake ya jiwe yanaheshimiwa kwa ajili ya mizimu, na hesabu ya maji ni ile ile ya Unguja. Kasa hutaga kwenye mchanga wake, basi usiwashe taa ufuoni usiku.

Vifaa ni vichache. Raba za kufunga kamba zenye soli nene. Kandambili hukatika kamba kwenye jiwe la kwanza, na miguu mitupu ni kujitafutia chaza. Glavu za kazi kwa wanaopenda kushika ukuta. Tochi mbili kwa kila kundi, moja ya kichwani. Maji ya kunywa lita 1.5 kwa mtu, na chupa nyingine ya maji safi ambayo hainywewi: hiyo ni ya vidonda.

Kidonda cha jiwe la matumbawe huonekana kidogo, kisha siku ya tatu kikavimba, kwa kuwa chembe za jiwe hubaki ndani. Kimwagie maji safi mengi kwa dakika tano, ukisugue kwa kitambaa safi hata kama kinauma, upake dawa, usikifunge kabla hakijasafika. Miiba ile mirefu myeusi ya viumbe wa baharini wanaokaa kwenye mawe ikiingia mguuni hukatikia ndani. Toa inayoshikika, nyingine usiichokonoe. Hatari hasa ni samaki wa sumu anayefanana na jiwe, anayelala kwenye vidimbwi vya mlangoni. Maumivu yake ni makali mara moja. Tia mguu kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, nyuzi 45 hivi, kwanza yajaribu kwa mkono wa mtu mzima asiyeumia, na ukae humo kati ya nusu saa na saa moja na nusu mkiwa njiani kwenda hospitali: Makunduchi kwa walio kusini ya Unguja, Chake Chake kwa wanaotoka Misali. Ndiyo maana chupa ya chai iliyojaa maji ya moto iwemo kwenye mkoba, na nahodha wa boti akubaliane nanyi tangu Wesha kwamba atabaki na chombo pale pale, hataondoka kwenda kuvua.